Mkono Uliosimamisha Malori

Pu!

Kisha kimya. Kisha, katika giza lile lile la alfajiri, tena: pu! Na nyuma yake kofi moja kavu, pa, kama mtu anayeua mbu sakafuni.

Mkurugenzi alifumbua jicho moja. La pili aliliacha lipumzike, maana mtu wa kazi yake hajui siku gani atahitaji jicho lililolala vizuri. Akatega sikio. Polisi hawabishi hodi hivyo, akawaza. Mwenye nyumba naye hubisha kwa teke.

"Nani?" akanong'ona, kwa sauti ya mtu ambaye hayupo nyumbani.

"Mimi, baba," ikajibu sauti kutoka upande wa pili wa pazia. "Ninaanguka."

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Ninaanguka." Pu! Pa! "Mwalimu wetu anasema, kabla hujajifunza kumwangusha mtu, jifunze kuanguka. Unakunja kidevu, unajiviringa, unapiga mkeka kwa kiganja. Halafu humshiki mwenzako."

"Hata kama yuko karibu?"

"Hasa akiwa karibu. Utamwangusha na yeye."

Falsafa ya kitoto, Mkurugenzi akajiambia, akavuta shuka hadi masikioni. Huyu ndiye bwana wa hadithi hii, na ni heri tuseme mapema kwamba falsafa nyingi zilizopita karibu naye zilimpita hivyohivyo, yeye akiwa amejifunika.

Cheo cha Mkurugenzi alijipa mwenyewe, na ndicho kitu pekee maishani ambacho hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa chuo cha udereva kisichokuwa na gari. Aliwahi kuwa mkurugenzi wa kampuni ya majokofu yaliyokuwa njiani, na kwa kadiri ijulikanavyo bado yako njiani. Aliuza viwanja vyenye mandhari ya ziwa, na mandhari kweli yalikuwa ya kupendeza, kwa kuwa viwanja vyenyewe vilikuwa ndani ya ziwa. Kampuni zote zilifungwa kwa namna moja: jogoo hajawika, mkewe anaizungushia cherehani shuka na kuifunga kamba, mtoto anabebwa na usingizi wake begani, na kunapokucha wako mji mwingine wakiulizia chumba. Mtoto huyo, ambaye kwa kurukaruka aliitwa Kiroboto, alikuwa ameanza darasa la kwanza katika shule nyingi mno, na kila shule ilimpokea kwa shangwe na kumfundisha herufi A.

Lakini katika mji huu mambo yaliharibika: Kiroboto alipata pahali pake. Nyuma ya karakana ya seremala kulikuwa na ghala la zamani, na ndani ya ghala mwanamke mmoja mfupi, mkimya, ambaye wote walimwita Mwalimu, alifundisha watoto judo jioni. Humo Kiroboto alipata rafiki, na alipewa msumari ukutani wa kutundikia nguo zake. Juu ya msumari alichora kiroboto kwa chaki. Hakuwa amewahi kuwa na msumari.

Siku mkewe Mkurugenzi alipouona msumari ule, alirudi nyumbani, akaketi mbele ya cherehani na kusema bila kugeuka:

"Baba Kiroboto, safari hii sihami."

"Nani amesema habari za kuhama?"

"Nimesema mimi. Nimesema sihami."

Mwanamume mwenye busara angelisikia neno hilo. Mkurugenzi alisikia cherehani.

Jioni moja mvua ilianza, akatumwa na mwavuli kumchukua mtoto. Alikuta viatu vimepangwa mlangoni jozi kwa jozi, ncha zimeelekea nje, kama abiria wanaosubiri. Ndani, mikeka ilikuwa magunia yaliyojazwa maranda ya seremala. Mkewe ndiye aliyeyashona, na bado yalitema vumbi la mbao kila mtu alipotua. Zamu ya watoto ilikuwa imekwisha, watu wazima wameanza. Katikati alisimama Mfamasia, mtu wa tumbo na heshima, mwenye duka kubwa la dawa barabara kuu na mkanda mweusi kiunoni. Mwalimu akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, akageuka kidogo tu, kama mtu anayetafuta ufunguo. Mfamasia mzima akapaa, akatua chali: pwaa! Akainuka, akainama, akasema asante.

"Amemfanya nini?" Mkurugenzi akauliza.

"Hajamfanya kitu," akasema Kiroboto, akivaa viatu. "Alikuwa anaonyesha. Mwalimu akionyesha, unaanguka. Ni adabu."

"Na mtu asipoanguka?"

Kiroboto alifikiri sana. Ilionekana jambo hilo halijawahi kutokea. "Watu watamwangalia," akasema.

Mkurugenzi alisimama pale na mwavuli uliofunguka ndani ya nyumba, wala hakutambua. Maisha yake yote alihangaika kuangusha watu: kwa nyaraka, kwa tai ya kuazima, kwa jasho. Kumbe kuna ukumbi mzima wa watu wenye kazi zao na akiba zao, wanaojiangusha wenyewe na kushukuru! Alijisikia kama mvuvi aliyezeeka na ndoano mkononi, kisha akaambiwa kwamba kuna samaki wanaopanda ngazi.

Alimsubiri Mfamasia kwenye viatu.

"Bwana mkubwa, umeanguka vizuri."

"Ah, niache!" Mfamasia akahema. "Kila siku kuanguka, kuanguka. Nina mkanda mweusi mimi! Kuanguka ni kwa watoto. Tunachokosa hapa, ndugu yangu, ni mtaalamu mgeni. Wenzetu miji mingine wanaletewa. Mtaalamu anakuja, semina ya siku moja, mtu anarudi na cheti cha kutundika. Sisi tuna huyu mama na magunia yake."

"Kumbe hujasikia?" akasema Mkurugenzi, ambaye yeye mwenyewe hakuwa amesikia, kwa sababu hakuwa amemaliza kulitunga. "Kwamba Asiyegusa anapita huku?"

"Asiyegusa nini?"

"Asiyegusa mtu. Wewe uko pale mlangoni, yeye yuko hapa. Anainua mkono. Uko chini."

Mfamasia akatazama huku na huku. Tungependa kuandika kwamba aliuliza jambo hilo linawezekanaje. Aliuliza:

"Anatoa vyeti?"

"Vya kimataifa."

"Vina muhuri?"

"Miwili," akasema Mkurugenzi kwa upole, kama daktari anayetoa habari njema.

Mtaalamu mwenyewe hakuwa mbali. Katika chumba cha uani, nyumba ileile, aliishi mjomba wa mkewe, trafiki mstaafu. Kazini walikuwa wamemkataza kufuga ndevu, na tangu astaafu alikuwa akilipiza: zilikuwa nyeupe, zimefika kifuani. Jioni zote alikula kwao, akikaa wima kwenye kigoda kana kwamba pande nne zinamtazama.

"Mjomba," Mkurugenzi alianza baada ya chakula, "mkono bado unainuka?"

"Mwanangu, mkono huu umesimamisha malori."

"Sasa utaangusha watu."

"Watu ni wepesi," akasema mjomba. "Lori lina mzigo, na dereva wake ana haraka."

"Hutazungumza. Utaguna tu. Mimi ndiye mkalimani."

"Nigune kwa lugha gani?"

"Ya kigeni."

Mjomba akafikiri, akakohoa, akaguna. Kwa haki ya Mungu, guno lile lilikuwa na lafudhi.

Mkewe Mkurugenzi aliyasikiliza yote akiwa na pini mdomoni. Hakugomba. Alichukua futi, akampima mjomba mabega, akasema nguo nyeusi itamkaa vizuri zaidi ikiwa na mikono mipana. Mume mwingine angeogopa. Mume huyu alifurahi kwamba hatimaye mke wake ameielewa biashara.

"Na baada ya semina?" mke akauliza.

"Baada ya semina tutaona."

"Tutaonea hapa, au penginepo?"

"Mama Kiroboto! Hapa, hapa. Wapi tena?"

"Nauliza kwa sababu chini ya kitanda nimekuta kamba mpya."

"Ya kuanikia nguo," akasema Mkurugenzi bila kumeza mate. Uongo wa haraka ndio uliokuwa kipaji chake. Uongo wa kufikiria ulimshinda.

"Vizuri," mke akasema. "Nilikuwa nahitaji ya kuanikia." Akamtazama mjomba wake. Mjomba akatazama dari, kama mtu aliyeona gari linakuja kwa mbali.

Mpango ulikuwa mzuri, na Mkurugenzi aliupenda kama mtu anavyopenda picha yake ya ujanani. Watu wote wangelipa mlangoni, kiingilio na cheti pamoja, fedha ziingie katika mkoba wake wa kiunoni. Mwisho wa semina mtaalamu angewaamuru wote wapige magoti, wafumbe macho, wavute pumzi polepole hadi atakaporudi. Hapo mtaalamu na mkalimani wangetoka kwa ncha za vidole. Kufikia wakati wa mtu wa kwanza kufumbua jicho, cherehani ingekuwa imefungwa. Kiroboto angelia kidogo, lakini mtoto ni mtoto. Miji ina maghala mengi, na maghala yana misumari. Hivi ndivyo alivyojiambia. Alijiambia mara nyingi, jambo ambalo lingepaswa kumtia shaka.

Alikwenda kwa Mwalimu kukodi ukumbi.

"Mpaka atakaporudi?" Mwalimu akauliza alipoelezwa habari ya kufumba macho.

"Mpaka atakaporudi. Ndiyo mila ya kwao. Anayefumbua jicho anapoteza yote aliyojifunza."

"Sawa. Na wewe mkalimani, utakanyaga mkeka?"

"Mimi? Nitasimama pembeni, Mwalimu. Mimi ni mdomo tu."

"Nauliza kwa sababu utaratibu wetu ni mmoja kwa wote. Viatu nje. Vitu vigumu vyote kwenye beseni: saa, pete, funguo. Mtu asije akamwumiza mwenzake."

"Utaratibu mzuri sana," akasema Mkurugenzi, na ukweli ni kwamba hakuwa amesikiliza.

Siku ya semina mlango ulielemewa na viatu. Walikuja wa karate, wa judo, wa mieleka, na mmoja aliyesema yeye hana mchezo wowote ila anapenda vyeti. Mkoba wa kiunoni ukanenepa hadi Mkurugenzi akaonekana mjamzito. Mke wake alikaa mlangoni akigawa maji, ametulia, kanga imekunjwa mapajani. Kiroboto na wenzake waliketi ukutani, kila mmoja chini ya msumari wake.

Asiyegusa akaingia. Nguo nyeusi ilimshuka kama usiku, ndevu zikamshuka kama mwezi. Akatembea hadi katikati, akasimama wima, akatazama pande nne.

"Mmmh," akaguna.

"Mtaalamu anasema," akatafsiri Mkurugenzi, "nguvu haikai kwenye msuli. Msuli ni nyumba ya kupanga. Nguvu ni mwenye nyumba. Huja bila taarifa. Anasema amevuka milima na mito kuja kwenu, na hajawahi kuona nyuso zenye kiu ya maarifa kama hizi, hasa wale waliolipia daraja la juu."

"Amesema yote hayo?" ikauliza sauti nzito kutoka nyuma.

Alikuwa Dereva wa lori, jitu la mikono kama mapipa, bingwa wa mieleka wa mji mzima. Alipita mbele na kukunja mikono. "Mimi nimelipa, lakini mimi siangushwi na upepo. Aniangushe mimi kwanza."

Mkurugenzi hakuwa amelifikiria jambo hili: mtu asiye na adabu. Alifungua mdomo kutafsiri kwamba mtaalamu amechoka na safari. Lakini mjomba alikuwa ameshageuka. Aliona jitu mbele yake, pana, zito, lenye haraka. Miaka thelathini ya barabara ikampanda mkononi. Akainua kiganja: paa! Wima, vidole pamoja, macho makavu.

Dereva akaganda. Mguu wake wa kulia ukajikaza na kukandamiza sakafu kwa nguvu zote, kiwiliwili kikaendelea mbele bila mguu, na yule bwana akaenda chini mzimamzima, hadi maranda yakaruka kutoka magunia matatu.

Kisha Dereva akainua kichwa, uso umepauka.

"Jamani," akasema, "sijui ni nini. Mkono ule ulipopanda, mguu wangu wa breki ulijikaza wenyewe."

Baada ya hapo hapakuwa na kazi. Kama Dereva ameanguka, nani alikuwa tayari kubaki wima na kuonekana mtu asiyehisi kitu? Mjomba alinyoosha mkono wa kushoto, upande wa kushoto wakaanguka. Akaita kwa vidole, wakaja mbio, wakaanguka. Akazungusha kiwiko, ishara ya kuruhusu magari yapinde, na safu nzima ya watu wazima ikapinda na kuviringika hadi ukutani. Mfamasia alianguka kabla mkono haujafika kwake, kwa uchu. Mwalimu naye alipita katikati yao polepole, akiinama hapa na pale: "Kunja kidevu. Kiganja, kiganja. Usimshike mwenzako. Tena." Na mikanda myeusi, ambayo kwa mwaka mzima ilikataa somo hilo kwa sababu ni la watoto, ilikunja kidevu na kurudia tena, na tena.

Mkurugenzi aliona tu wanavyoanguka. Akapapasa mkoba. Akaukonyeza mlango. Akamfanyia mjomba ishara ya kichwa: sasa, magoti na macho.

Mjomba hakuguna. Alimgeukia Mkurugenzi taratibu, akamnyooshea kidole, kisha kidole kikashuka kikaonyesha pembeni ya mkeka, karibu na miguu yake.

"Mtaalamu anasema," akasema Mkurugenzi, sauti ikipanda, "tupumzike sasa, tupige magoti…"

Mjomba akatikisa kichwa. Kidole kikarudia safari yake.

"Hapana, bwana," akasema Dereva kwa heshima kubwa. "Anakuita wewe. Ishara hiyo ninaijua hata nikiwa usingizini. Anakwambia uweke pembeni."

"Mkalimani! Mkalimani!" ukumbi ukashangilia.

Mtu anaweza kumkatalia mkewe, mwenye nyumba, hata hakimu. Watu mia wasio na viatu hawakataliki. Mkurugenzi akavua viatu vyake, na hapohapo Mwalimu alikuwa mbele yake na beseni.

"Saa," akasema Mwalimu.

Akatoa saa.

"Funguo. Na mkoba."

"Mkoba ni laini, Mwalimu."

"Una zipu."

"Zipu ndogo."

"Zipu hutoboa mkeka," akasema Mwalimu. "Utaratibu ni mmoja kwa wote."

Watu walikuwa wanamwangalia. Alielewa sasa kile Kiroboto alichomwambia siku ya mvua: hilo tu ndilo linalowafanya watu waanguke. Akafungua mkoba kiunoni, akauweka kwenye beseni juu ya saa, kama anayemlaza mtoto. Akakanyaga mkeka.

Mjomba akainua kiganja.

Hapa Mkurugenzi alifikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri. Asipoanguka, biashara yake mwenyewe itakufa mikononi mwake, na watu mia watadai fedha zao. Basi akaanguka. Lakini kuanguka nako ni kazi, na alikuwa amelala wakati wa somo. Alikwenda kama kabati. Kidevu juu, mikono ikitafuta hewani kitu cha kushika. Ilikipata: mkanda wa Mfamasia. Mfamasia akamdaka Dereva. Dereva alikuwa amesimama karibu na wale wa karate, na wale wa karate hupenda kusimama mstari mmoja. Wote wakaenda chini, mmoja juu ya mwenzake, Mkurugenzi akiwa wa kwanza kwenda na wa mwisho kuonekana.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkono mmoja, watu kumi! Hata waliokuwa na mashaka kidogo waliyatupa. Kutoka chini kabisa ya rundo ilisikika sauti nyembamba ikisema, "Bega, jamani, bega," lakini hiyo hakuna aliyeitafsiri.

"Mmmh," akaguna Asiyegusa. Hakuhitaji mkalimani. Mwalimu mwenyewe alitangaza: "Magoti. Macho. Hakuna kufumbua mpaka aliyetoka atakaporudi."

Wakapiga magoti wote. Mkurugenzi naye akapiga, maana aliyekanyaga mkeka hatoki bila ruhusa. Akafumba macho. Akasikia nyayo zikienda. Akasikia mlango ukilia. Akakumbuka kwamba sheria hii aliitunga mwenyewe, akiwa amelala chali na mikono nyuma ya kichwa, akitabasamu.

Akafumbua lile jicho lake la akiba.

Mjomba hayupo. Mkewe hayupo mlangoni. Mbele yake, hatua moja, alisimama Mwalimu, macho wazi kabisa, beseni mkononi. Ndani ya beseni mlikuwa na saa na funguo.

"Unapoteza uliyojifunza," Mwalimu akamnong'oneza. Mkurugenzi akalifumba.

Walivuta pumzi. Waliendelea kuvuta pumzi. Magoti ya Mfamasia yalianza kutoa milio. Hatimaye kukasikika mkokoteni ukiegeshwa nje, na sauti ya seremala ikiuliza mzigo ushushwe wapi.

"Fumbueni," akasema Mwalimu. "Mtaalamu ameendelea na safari, wengine nao wanamngoja. Lakini kabla hatujatawanyika nina jambo." Huyu mama aliyekuwa akisema maneno matatu kwa wiki akajiweka sawa katikati ya ukumbi. "Nyote mmeona magunia haya. Mkurugenzi wetu, ambaye mtoto wake anajifunza hapa, aliyaona pia. Akasema, siwezi kuishi katika mji huu na kuona watoto wanaangukia maranda. Mapato yote ya leo, yote, ameyatoa kwa ajili ya mikeka halisi. Mama Kiroboto amekwenda kulipia sasa hivi. Hiyo hapo mlangoni."

Mikeka iliingia, ya kijani, mipya, ikinuka duka. Makofi yalimwangukia Mkurugenzi kama mvua ya mawe. Dereva alimkumbatia upande wa bega. Mfamasia, machozi yakimlengalenga, alipendekeza bwana huyu awe mlezi wa ukumbi, tangu leo na daima, na mikono yote ikapanda.

"Neno, Mkurugenzi! Neno!"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Alikuwa ameuza jokofu lisilokuwapo na kiwanja chenye samaki. Maneno hayakuwahi kumwangusha. Akatazama watoto ukutani. Chini ya kiroboto cha chaki, mwanawe alikuwa amesimama kwa ncha za vidole ili amwone, na anapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

"Asante," akasema, akainama. Kwa nje ilionekana unyenyekevu.

Alirudi nyumbani akiwa ameshika bega. Uani alimkuta mjomba na fulana ya ndani, miguu kwenye karai la maji moto, ndevu zimechanwa.

"Mjomba! Umeniuza!"

"Mwanangu, mimi ni trafiki," akasema mjomba. "Nilikuona unakuja kwa kasi, taa zimezimwa, mtoto ndani ya gari. Nimekusimamisha."

"Na fedha zangu?"

"Zako?" Mjomba akazungusha vidole vya miguu majini. "Wale wamelipia kufundishwa na mtaalamu. Wamefundishwa. Yule mama ni mtaalamu."

Na ndivyo ilivyokuwa, maana hata leo hakuna aliyelalamika. Cheti cha Mfamasia kimetundikwa dukani, kati ya dawa ya kikohozi na kalenda, mihuri yote miwili. Mwezi uliofuata aliteleza kwenye ngazi za stoo na katoni mikononi, akakunja kidevu, akapiga sakafu kwa kiganja, akainuka mzima, akawaambia wateja wote kwamba ni nguvu za Asiyegusa.

Lakini jioni ile ya semina, ndani, mkewe Mkurugenzi alikuwa kwenye cherehani. Kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa mlango ilipita kamba mpya, na juu yake ile nguo nyeusi ilikuwa inakauka.

"Ya kuanikia," akasema mke bila kugeuka. "Kama ulivyosema."

"Kwa hiyo mlikuwa pamoja. Wewe, mjomba na Mwalimu."

"Tulikuwa pamoja. Wewe ndiye tuliyekuwa tunakungoja."

Mkurugenzi akakaa kitandani kwa tahadhari. "Kwa hiyo hatuhami."

"Mimi na mtoto hatuhami." Cherehani ikanyamaza. "Wewe sikufungi, Baba Kiroboto. Viatu vyako vya safari nimevipanga mlangoni, nimevielekeza nje. Ukitaka kuvivaa, hutahangaika hata kuinama sana."

Akavitazama. Kweli vilikuwa pale, vimefutwa vumbi, ncha zinaangalia barabara. Kisha akainuka, akaenda mlangoni, akainama huku bega likimlaani, akavigeuza vikatazama ndani. Cherehani ilianza tena, polepole kidogo kuliko kawaida.

Sasa, mlezi wa ukumbi ana wajibu wake, na wajibu wa kwanza ni kuzindua mikeka. Jioni ya Jumatatu Mkurugenzi alisimama mwisho wa safu ya wanaoanza, amevaa suruali iliyokatwa magotini, akiwazidi wenzake wote kwa urefu wa mtu mmoja na nusu. Watoto walimtazama jinsi watu wanavyotazama twiga. Saa, funguo, pete ya ndoa, vyote alikuwa ameviweka kwenye beseni bila kuambiwa. Kiunoni hakuwa na kitu ila mkanda mweupe, alioshonewa nyumbani, mrefu kidogo ili abaki na nafasi ya kunenepa.

"Wawili wawili," akasema Mwalimu.

Kiroboto alimjia mbio kabla mtoto mwingine hajamchukua. Akasimama mbele ya baba yake, akainama kwa adabu, akamshika upindo wa shati, akaweka miguu sawasawa jinsi alivyofundishwa. Akamwangalia juu hadi chini, kama fundi anayepima mzigo.

Kisha akasema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Baba, ukianguka usinishike."